Mkwaruzo Chini ya Vanishi

Kikao kilifanyika yeye akiwepo, ila kilifanyika kana kwamba hayupo. Walikuwa kwenye chumba kile kimoja alichopanga na mkewe: kaka yake mkubwa kakaa kitandani, shemeji yake, yaani kaka wa mkewe, kakalia ndoo iliyopinduliwa, mkewe kasimama mlangoni, na yeye mwenye mambo yake kawekwa kwenye kiti pekee chenye mgongo kama mgeni rasmi. Wakaanza kumjadili. Atakula nini, atakaa na nani, nani atamwangalia. Kila mmoja alisema "yeye". Ungedhani wanazungumzia kabati lililokataa kupita mlangoni.

Mtaani walimwita Gia, kwa sababu kwa miaka kumi na tano aliendesha malori makubwa, na alikuwa na maringo ya kubadilisha gia bila utingo wake kusikia. Presha ya macho ilimla polepole, ikaanzia pembeni ikaja katikati. Kwa kuwa alikuwa mbishi na mwoga wa hospitali, alipokuja kukubali kwamba haoni, alikuwa amebakiwa na tofauti ya mchana na usiku tu. Halafu hiyo nayo ikamtoka. Huu ulikuwa mwaka wa pili.

Kikao chenyewe kililetwa na birika. Wiki iliyotangulia, mkewe akiwa kwenye kazi yake ya kufagia maofisi, Gia alitaka kumchemshia binti yake chai kama baba mwingine yeyote. Birika likamponyoka, maji ya moto yakamwagikia mkono wa mtoto. Mtoto wa miaka sita. Majirani walipoingia walimkuta baba mtu anapapasa sakafuni, analia kwa sauti kuliko aliyeungua. Kidonda kikaanza kukauka, lakini habari haikukauka. Ilimfikia kaka mkubwa, naye akapanda basi.

"Hakuna anayemfukuza mtu hapa," alisema kaka mkubwa. "Ng'ombe haelemewi na nunduye. Kwangu kuna nafasi, kuna watu, kuna kivuli. Atakaa, atapumzika. Mama mtoto atabaki hapa na kazi yake, na mtoto na shule yake. Jumapili ijayo naondoka naye. Mwisho wa mwaka tutaona."

Tutaona! Kila aliyekuwemo chumbani alijua kwamba hakuna atakayeona kitu. Gia alikijua kile kivuli cha nyumbani kwa kaka yake. Shangazi yao alikalishwa pale baada ya kupooza, akaletewa sahani mara mbili kwa siku kwa miaka tisa, hakuna aliyemwomba hata ushauri wa chumvi, akafa pale pale kitini. Gia akageuza uso kuelekea mlangoni, akamsubiri mkewe aseme neno. Mlangoni kulikuwa kimya.

"Nipeni wiki moja," akasema.

"Ya kufanya nini?"

Alikuwa kama mtu anayekamata breki wakati lori limeshaserereka. Shemeji yake ndiye aliyekohoa.

"Pale karakana kwetu wanatafuta mpiga msasa," alisema. "Ni kazi ya viganja. Macho... macho si sana."

"Kipofu akawe seremala?" Kaka mkubwa akacheka. "Haya, wiki moja. Nitafikia kwa jamaa yangu. Jumamosi nitakuja hapo karakana nijionee kwa macho yangu, maana mimi ninayo."

Hakuwa mtu mbaya yule kaka. Alimsomesha Gia, alimlipia mafunzo ya udereva, alimzika mama yao. Ni ulimi tu ndio haukuwa na breki.

*

Karakana ilikuwa ya mjane mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Mama Samani, mbele yake na nyuma yake. Mumewe alimwachia mashine mbili, madeni ya gundi na mafundi sita wavivu. Yeye akabakiza mashine na mafundi wawili, shemeji wa Gia akiwa mmojawapo, ndiye mpakaji vanishi. Mama huyo alishawahi kumfukuza mtu mchana kweupe kwa kuziba ufa wa mlango kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Si kwa ajili ya ufa, alisema. Kwa ajili ya kuuficha.

"Sikuchukui kwa huruma," alimwambia Gia Jumatatu asubuhi. "Huruma ninayo, naiacha nyumbani. Utapiga msasa nyuso za meza mpaka Ijumaa. Jumamosi tunazipaka vanishi mbele yako. Vanishi haina ndugu, itasema kila kitu. Ukiweza, kazi yako. Ukishindwa, tusilaumiane."

Akashikwa mkono akaonyeshwa meza ya kazi, mahali pa msasa wa kukwaruza na mahali pa msasa laini, mahali pa kupumzisha mgongo. Akaanza. Siku ya kwanza mabega yaliwaka moto. Siku ya pili viganja vilitoa malengelenge. Lakini mbao ikianza kulainika chini ya vidole, jamani! Miaka miwili mikono ile haikuwa na kazi ila kutafuta kuta. Sasa ilikuwa na kitu cha kukamilisha. Kila jioni alimuuliza shemeji yake, "Zikoje?" na shemeji alijibu neno moja: "Safi."

Siku mbili za mwanzo shemeji alimsindikiza. Tangu Jumatano akaanza kutangulia, akidai ana vanishi ya kuchanganya mapema. Gia akaenda peke yake na fimbo yake: ukuta wa shule upande wa kushoto, halafu vyerehani vya mafundi nguo, halafu mtaro. Mtaro huo ulimpokea siku ile ile ya Jumatano. Alifika kazini suruali imechanika na goti linavuja damu, na Mama Samani alisema tu, "Umechelewa dakika kumi." Gia alifurahi mpaka akajishangaa. Tangu apofuke hakuna aliyemgombeza.

Nyumbani mkewe alimkung'uta vumbi la mbao kichwani bila kusema mengi. Binti yake alinusa mikono yake akasema, "Baba unanuka kama dawati jipya." Alhamisi jioni Gia akathubutu kumwambia mtoto kwamba hatasafiri na baba mkubwa. Alikuwa hajawahi kumwahidi mtoto kitu asichokuwa nacho mkononi, ila siku hiyo alijiona anacho.

Ijumaa furaha ilimwamsha kabla ya wakati. Akavuka mtaro salama, akafika karakana wakati lango limerudishiwa tu, na uani hakuna sauti ya mashine. Akaenda moja kwa moja ukutani, mahali nyuso zake za meza zilipoegemezwa, akaanza kuzipapasa kwa raha tu, kama mzazi anayepita vitandani kuwafunika wanawe.

Ya tatu ikamsimamisha.

Ile aliimaliza jana alasiri. Ilikuwa na fundo kubwa karibu na ncha, na pembeni ya fundo aliacha bonde dogo, kina chake kama cha ukucha, ambalo alishindwa kulisawazisha. Sasa bonde halikuwepo. Ncha nzima ilikuwa laini kwa namna nyingine, ulaini wa mkono mwepesi kuliko wake. Akashika ya nne. Ncha zake pia. Ya tano hivyo hivyo. Akanusa vidole: vumbi bichi, la asubuhi hii.

Halafu akasikia. Nyuma ya banda la vanishi, shiii, shiii, polepole, kama mtu anayejiiba. Akaifuata ile sauti mpaka fimbo yake ikagonga mguu wa meza.

"Shemeji," akasema.

Msasa ukanyamaza.

"Ni uso wangu huo?"

"Gia, umewahi sana leo."

"Nakuuliza, ni uso wangu?"

"Ni wako."

"Umerudia ngapi?"

"Zote nane, hii ndiyo ya mwisho. Ncha tu, lakini. Katikati unapiga vizuri, wallahi, unanishinda mimi. Tatizo ni ncha. Mbao za katikati zimelala kwa urefu, zile mbili za mwisho zimelazwa kwa upana. Ukifika kwenye maungio unatakiwa usimame, ugeuze mkono ufuate nyuzi za mbao. Wewe unapitiliza. Unavuka mpaka bila kusimama, kama bado uko barabara kuu. Unazikata nyuzi. Mikwaruzo yenyewe haishikiki kwa mkono, ila ikipita vanishi inatokea yote, inatisha."

"Na kila jioni ulikuwa unaniambia safi."

"Ningekuambiaje? Ungekata tamaa. Nilitaka upite, shemeji. Dada yangu analia bafuni akidhani hatusikii. Nilitaka upite tu, mengine tungeyaona mbele."

Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine kinakula kwa mapenzi. Gia alitaka kumpiga. Alitaka pia kumkumbatia, na hakuweza kufanya hata kimoja, kwa hiyo akakaa chini kwenye maranda. Siku nne za kujifunza mtu huyu alimwibia akidhani anampa zawadi. Angeambiwa Jumatatu, leo angekuwa anajua. Sasa alikuwa na Ijumaa moja, na kesho ndiyo kesho. Akamkumbuka mtoto na ile ahadi.

"Sikiliza," shemeji alinong'ona akichuchumaa. "Namalizia hii iliyobaki. Kesho Mama anapaka, zinatoka kama kioo, unaajiriwa. Hakuna atakayejua."

"Na Jumatatu?"

"Nitakuja mapema."

"Na mwakani?"

Shemeji akakunja msasa wake upya.

Tusidanganyane, Gia alilifikiria jambo hilo kwa dhati. Alikaa pale kwenye maranda akilipima, na lilikuwa tamu. Mtu akiwa amefikwa na maji shingoni hachagui tawi. Kilichomzuia hakikuwa uadilifu mkubwa. Ni kwamba alijiona amekaa kwenye kiti cha kivulini, kiti kile kile, ila kimehamishiwa karakana.

"Nionyeshe maungio," akasema.

Siku nzima walihangaika. Maungio yaliyokwisha kulainishwa hayakushikika kwa kidole. Walijaribu kuyahesabu kwa shubiri, mkono ukakosea. Marehemu mwenye karakana, shemeji akakumbuka, alikuwa akipangusa mbao kwa kitambaa chenye maji ili nyuzi zisimame. Wakapangusa, wakangoja ikauke, na kweli, zikasimama kidogo, kama vinyweleo vya mtu aliyeshtuka. Gia akapata kuhisi mahali zinapogeuka. Lakini mkono ukiwa mbioni bado ulipitiliza. Alasiri, akiwa amekwisha kukata tamaa mara tatu, akapiga paja.

"Tuta!" akasema. "Dereva asiyesimama unamwekea tuta."

Wakachukua kipande cha ubao chembamba, wakakilaza juu ya maungio, wakakibana kwa klampu. Mkono wa Gia ukafika, ukagonga, ukasimama. Lakini kulikuwa na kuipapasa upya kila ncha, kukibana, kukibandua, kukigeuza. Mpaka jua linazama alikuwa amemaliza uso mmoja mwingine tu. Shemeji aliuangalia akasema una mikwaruzo miwili.

"Unaniambia kweli?"

"Miwili. Mikubwa."

Jioni hiyo alimweleza mkewe yote, mtoto akiwa kwa jirani. Mkewe alisikiliza, halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo unaenda?"

"Wewe unataka niende? Kwenye kikao ulinyamaza."

Mkewe akaanza kulia, na safari hii hakwenda bafuni. "Sikunyamaza kwa kukubali. Nilinyamaza kwa kuchoka. Naamka alfajiri, nafanya kazi huku nawaza jiko, nawaza mtaro, nawaza mtoto. Siku ile aliposema atakuchukua, kuna sehemu yangu ilishusha pumzi. Nimeichukia hiyo sehemu wiki nzima." Akajipangusa kwa kanga. "Nakutaka hapa. Lakini nimechoka, baba, siwezi kukudanganya."

Gia akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka mtoto aliporudi.

*

Jumamosi kaka mkubwa alifika karakana na koti lake la safari. Akapewa kigoda karibu na mlango. Mama Samani akaamuru nyuso nane zilazwe mezani, akaita vanishi.

"Mama," Gia akasema, "naomba usinipime kwa hizo."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo alipokwama. Mficha uchi hazai, sawa, lakini uchi huu haukuwa wake peke yake. Akisema, anamtia shemeji yake barabarani. Akinyamaza, anapimwa kwa kazi ya mtu mwingine. Alisimama pale mdomo wazi kama aliyesahau njia ya kwao.

"Kwa sababu mimi nilizirudia," shemeji alisema kutoka nyuma. Akaliweka kopo la vanishi sakafuni. "Alikuwa hajui. Alipojua alikataa."

Kaka mkubwa akaguna kama mtu aliyepewa alichokuwa anakitarajia.

"Wewe tutaongea baadaye," Mama Samani alimwambia shemeji. Halafu kwa Gia, "Na wewe?"

"Nipe uso mbichi. Nifanye hapa, unaangalia."

Akapewa. Mama Samani hakumchagulia wa rahisi. Gia akapangusa maji, akangoja, akapapasa, akabana tuta lake. Akapiga msasa. Aliyekuwa anapita alisimama, akachoka kusimama, akaenda zake. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikaingia. Kaka mkubwa alipiga miayo, akatoka nje, akarudi. Kwenye ncha ya pili klampu ikalegea kidogo, kipande kikateleza chini ya mkono wake, na Gia akahisi msasa umekwenda kusiko. Mara moja tu, lakini alihisi. Akakibana tena, akaendelea, maana hakukuwa na kingine cha kufanya.

Shemeji akapaka vanishi. Harufu ikajaa. Mama Samani akainama juu ya meza kwa muda mrefu mno.

"Saa tatu kwa uso mmoja," akasema. "Wenzako ni saa moja. Na kuna mkwaruzo."

"Uko ncha ya kulia," Gia akasema, "karibu na kona ya mbali. Urefu wake kama kidole."

"Umejuaje?"

"Ubao uliteleza. Nilihisi."

Mama Samani akawa kama anapiga hesabu asiyoipenda. "Nyuso za meza siwezi kukupa. Mteja anatazama uso kwanza. Nina migongo ya makabati na ndani ya droo, kule asikochungulia mtu. Nusu ya malipo ya wenzako, kwa mwezi mmoja. Baada ya hapo nitaangalia."

"Nusu!" Kaka mkubwa akainuka. "Mtu aliyekuwa anavuka nchi na lori, leo anapewa migongo ya makabati? Twende zetu. Hii si kazi, ni sadaka."

"Nakubali," Gia akasema, lakini alikuwa anasema na Mama Samani. "Ila nina sharti. Nikikosea niambiwe mimi mwenyewe, siku hiyo hiyo. Asirudie mtu nyuma yangu."

"Hata nikikugombeza?"

"Hasa ukinigombeza."

Kaka mkubwa akaja mpaka karibu, akashusha sauti. Safari hii hakukuwa na mzaha ndani yake, kulikuwa na woga mtupu. "Na mtoto je? Akiungua tena? Niambie mimi, mdogo wangu, utafanyaje?"

Swali hilo lilimpata pale pale lilipokusudiwa. Gia aliuona ule mkono mdogo, japo hakuwahi kukiona kidonda chake, aliusikia ukipiga kelele. Akaegemea meza asije akaanguka.

"Sijui, kaka," akasema. "Naogopa kuliko wewe. Lakini siendi."

"Wewe mpiga msasa!" Mama Samani akapaza sauti. "Umeegemea vanishi mbichi! Kiganja kizima kimejichora kwenye meza yangu. Jumatatu ikishakauka unaikwangua yote unaanza upya, na muda huo haulipwi. Saa moja na nusu uwe hapa."

Gia akainua mkono. Ulikuwa unanata kila kidole. Kaka mkubwa, kwa mazoea ya siku zote, akachukua kitambaa chenye tapentaini mezani, akamshika kifundo cha mkono, akaanza kumfuta kiganja kama anavyofutwa mtoto aliyemaliza kula.

Gia akauvuta mkono wake taratibu.

"Nipe kitambaa, kaka."

Kaka mkubwa akasimama nacho kidogo. Kisha akampa.